Kuna Msiba Hapo?

Ijumaa moja mwezi wa pili, saa kumi na moja jioni, nilimtumia shangazi yangu picha. Nilikuwa nimesimama katikati ya mtaa wa soko wa Hampi, kusini mwa India, mbele ya hekalu la Virupaksha. Mtaa huo ni mpana kuliko barabara yoyote ya Kilwa Masoko, na unanyooka karibu kilomita moja hadi kwenye sanamu ya fahali iliyochongwa katika jiwe moja. Pande zote mbili kuna mabaraza ya nguzo za mawe, mengine ya ghorofa, na jua la jioni lilikuwa limeyapaka rangi ya asali. Nilingoja robo saa nzima watalii wawili wa mwisho wapite, ili picha isiwe na mtu.

Shangazi anaishi Kilwa Kisiwani. Alinijibu kwa ujumbe wa sauti, upepo wa bahari ukivuma ndani ya simu: "Mwanangu, hayo si maduka hayo? Mbona wamefunga wote? Kuna msiba hapo?"

Nilianza kumwandikia jibu, nikafuta. Nikaanza tena, nikafuta. Nilitaka kumweleza kwamba hapo hapajafungwa, hapo pamehifadhiwa. Nasoma shahada ya uzamili ya uhifadhi wa urithi wa kale katika chuo kimoja cha Karnataka, na hiyo ndiyo lugha niliyoijia huku: mandhari, uhalisia, ukanda wa kinga. Kwa mwaka mmoja na nusu nimefundishwa kusimama mahali kama pale na kuridhika. Shangazi, mwenye darasa la saba na miaka thelathini ya kuuza samaki, aliitazama picha sekunde chache akaona kisichokuwepo.

Nasema shangazi alikuwa sahihi. Mtaa wa soko wa Hampi haukuhifadhiwa, ulifungwa. Na waliopanga kuufunga ni watu wa fani yangu, wenye vyeti kama nitakavyopewa mimi, kwa hoja ninazozijua kwa moyo kwa sababu nimezifanyia mtihani na kupata alama nzuri.

Kwa asiyepajua: Hampi ndipo ulipokuwa mji wa Vijayanagara, maana yake Mji wa Ushindi, makao makuu ya dola iliyoanzishwa mwaka 1336 na kutawala sehemu kubwa ya kusini mwa India kwa zaidi ya karne mbili. Mwaka 1565 majeshi ya masultani wa Deccan yalilivunja jeshi lake katika vita vya Talikota. Rama Raya, aliyekuwa ameshika madaraka, alikatwa kichwa. Waliobaki wa ukoo wa kifalme wakakimbilia Penukonda, na mji ukaporwa na kuchomwa. Mwaka 1986 UNESCO iliyaingiza magofu yake katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hayo utayakuta kwenye kila kibao.

Kisichoandikwa kwenye vibao ni kwamba watu walikuwa wakiishi na kufanya biashara katika mtaa ule. Ndani ya yale mabaraza ya mawe kulikuwa na nyumba na maduka: wauza uvumba, nazi na maua ya mahujaji, vinyozi, hoteli za wali, duka la vitabu, nyumba za wageni, watoto wakifanya kazi za shule chini ya nguzo za karne ya 15. Tarehe 29 Julai 2011 matingatinga yaliingia. Familia zaidi ya 300 ziliondolewa, nyingi zikapewa viwanja Kaddirampura, kilomita chache kutoka hapo.

Nilikwenda Kaddirampura kwa bajaji siku iliyofuata. Sikwenda kwa utafiti. Nilikwenda kwa sababu swali la shangazi lilikuwa limeninyima usingizi. Kuna mama ana kibanda cha chai pembeni ya barabara. Nilimwita akka, dada, kama wanavyoitana huku. Kikannada changu ni cha kuombea maji tu, kwa hiyo tulichanganya na Kihindi kidogo na Kiingereza alichokiokota kwa watalii enzi zile mama mkwe wake alipokuwa na duka mtaani.

"Walikuja jioni wakachora alama nyekundu ukutani," aliniambia. "Asubuhi mashine zikaja. Mama mkwe alikuwa bado anatafuta funguo za sanduku."

Msomaji wa Dar es Salaam hahitaji kutafsiriwa alama nyekundu ukutani. Sisi tuna hata neno lake, bomoabomoa, na tumelizoea kiasi kwamba linasikika kama jina la ngoma. Ila kwetu mara nyingi nyumba huvunjwa ili barabara ipite. Hapa zilivunjwa ili pasipite kitu.

Akka alisema viwanja walipewa, lakini kwa muda mrefu vilikuwa viwanja tu, na mahujaji wanaokwenda hekaluni hawapiti Kaddirampura kununua nazi. Mumewe sasa anafanya kibarua Hosapete. Kisha akaniuliza nasoma nini. Nilipomweleza, akafikiri kidogo, akasema, "Kwenu pia watu wanasomea mawe?" Hakukuwa na kejeli katika sauti yake, na hilo ndilo lililoniuma.

Chai ilikuwa rupia 10. Nilitoa noti ya 50. Nyuma ya noti hiyo kuna picha ya gari la mawe la hekalu la Vittala, la Hampi hiyohiyo. Akaichomeka ndani ya kopo bila kuitazama, akanirudishia chenji.

Sasa nisikilize hoja za upande wa pili, maana si za kijinga. Wanasema wale walikuwa wavamizi, hawakuwa na haki ya kukaa ndani ya mnara wa kale. Wanasema waliziba nafasi za katikati ya nguzo kwa matofali na saruji, wakapigilia misumari, wakapitisha mabomba, wakapika kwa kuni hadi dari zikawa nyeusi. Nimeziona picha za kabla ya 2011, na hapo nakubali: ilikuwa fujo. Aliyetoboa nguzo ya miaka 500 ili atundike kibao cha soda ameiharibu nguzo, na umaskini haumfanyi kuwa mhifadhi.

Lakini ukucha ukizidi urefu hukatwa ukucha, si kidole. Saruji ingeweza kuondolewa na muuza uvumba akabaki. Ghorofa za juu zilizoongezwa zingeweza kushushwa, jiko likahamia nyuma, mabomba yakatolewa, na duka likarudi kuwa meza, mkeka na mwavuli, kama masoko mengi ya India yalivyo hadi leo. Kazi hiyo ni ngumu. Inahitaji vikao, uvumilivu, na kujua majina ya watu. Tingatinga halihitaji kujua jina la mtu.

Na hilo neno mvamizi nalitilia shaka. Mabaraza yale yalijengwa kwa ajili ya nini? Hayakuwa makaburi wala kumbi za kuabudia. Ni mabaraza ya soko. Domingo Paes, Mreno aliyefika hapa karibu mwaka 1520, alipanda kilimani kuutazama mji akaona ni mkubwa kama Roma. Alipoeleza mmoja wa mitaa yake, aliandika juu ya wafanyabiashara wa almasi, zumaridi, lulu na nguo, na mnada wa kila jioni ambako waliuza farasi wa kawaida, ndimu, machungwa, zabibu, mboga na hata kuni. Kuni! Mreno yule alikuwa akitembea katika mji mkuu wa wafalme, wenye majumba na tembo wa vita, na bado akaona muuza kuni anafaa kuandikwa. Sisi wenye shahada tumemwona muuza nazi kuwa uchafu unaoziba nguzo.

Kwa hiyo ukiniuliza ni nani alikuwa karibu zaidi na uhalisia wa Vijayanagara mwaka 2010, mama mkwe wa akka na vijiti vyake vya uvumba au kimya ninachokikuta leo, sina haja ya kufikiri mara mbili. Ukiacha wauzaji wachache wa ndizi na maua karibu na lango la hekalu, na zile siku chache za sikukuu ya gari la hekalu umati unapofurika, mtaa ule sasa ni jukwaa la kupigia picha za harusi. Picha yangu ilikuwa mojawapo. Nimeshasema niliwangoja watalii wapite.

Mji huu pia haukuwahi kuwa safi kwa namna nyingine yoyote. Ndani ya makao ya wafalme wa Kihindu umesimama msikiti uliojengwa mwaka 1439 na Ahmad Khan, mtumishi wa mfalme Deva Raya wa Pili. Kuna mahekalu ya Wajaini. Zizi la tembo lina makuba ambayo ungeyaona Bijapur usingeshangaa. Farasi wa jeshi waliletwa kwa meli kutoka Uarabuni na Hormuz. Mji mkuu uliokula na kuvaa vya watu wa kila aina sasa unaoshwa hadi ubaki mawe na nyasi fupi, halafu tunaandika kwenye ripoti kwamba uhalisia wake umelindwa.

Nilipoandika baadhi ya haya katika kazi ya darasani, mhadhiri mmoja alinirudishia karatasi na maneno mawili matatu kwa wino wa bluu: una hisia nyingi, tofautisha urithi na siasa ya makazi. Namheshimu, amenifundisha kusoma ufa kwenye ukuta kama daktari anavyosoma mapigo ya moyo. Ila sijui hiyo tofauti angeiweka wapi mtu aliyechora alama nyekundu. Kumhamisha mtu kutoka nyumbani kwake ni siasa tangu asubuhi, hata ukivaa kofia ya akiolojia.

Angalieni pia hasira zetu zinakoelekea. Mwaka 2019 video ilisambaa ikionyesha vijana wakiisukuma nguzo moja ya Hampi hadi ikaanguka. Nchi nzima ilichemka. Mahakama iliwaamuru waisimamishe tena kwa mikono yao na kulipa faini ya rupia 70,000 kila mmoja. Ilikuwa haki, sina ubishi. Lakini mtaa mzima wa watu ulipoangushwa miaka minane kabla, hakuna aliyeamriwa kuusimamisha. Waliolalamika walikuwa wachache, na darasani kwetu tukio hilo lilipita katika slaidi moja yenye kichwa "Uondoaji wa uvamizi." Nakumbuka kwa sababu niliiandika kwenye daftari, nikaweka alama ya vema pembeni.

Tabia hii ina umri. Mwaka 1900 ofisa wa Kiingereza, Robert Sewell, alichapisha kitabu kuhusu Vijayanagara akakiita A Forgotten Empire, dola iliyosahauliwa. Ni kitabu chenye manufaa. Ndani yake ndimo wengi wetu tunamomsoma Paes. Lakini imesahauliwa na nani? Mahujaji hawakuacha kwenda kwa Virupaksha. Ng'ambo ya mto, Anegundi, kuna watu wanaojitambulisha hadi leo kuwa wa ukoo wa wafalme hao. Wakulima hawakuacha kufungua maji ya mifereji iliyochimbwa zama za ufalme. Waliosahau walikuwa wasomi, na walipokumbuka wakadhani wamegundua. Ukishaamini kwamba mahali palisahauliwa, ni rahisi sana kumwona anayeishi hapo kama mtu aliyejipenyeza baadaye.

Hiyo mifereji nayo iacheni nizungumze kidogo, kwa sababu kwangu ndiyo kitu kikubwa kuliko vyote vya Hampi na watalii huiruka kwa hatua moja wakikimbilia gari la mawe. Maji ya mto Tungabhadra yanaingizwa pembeni, yanapita katikati ya miamba na magofu, na yanalisha mpunga, migomba na miwa ileile leo. Miaka 500 na zaidi. Haijazungushiwa ua. Haina mlinzi mwenye filimbi. Imedumu kwa sababu kila msimu mtu mwenye jembe anaondoa tope kwa kuwa asipoondoa, mpunga wake utakufa. Jumba la mfalme halikuwa na mtu wa namna hiyo, na limebaki msingi.

Mto huohuo una kisa kingine. Watu wa Anegundi walihitaji daraja. Kwa karne nyingi wamevuka kwa vyombo vya duara kama makapu makubwa. Paes aliviona, vikiwa vya henzirani na ngozi. Daraja lilipoanza kujengwa ndani ya eneo la urithi, UNESCO iliiweka Hampi katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 1999, ikaiondoa mwaka 2006. Mwaka 2009 daraja hilo, likiwa bado halijakamilika, liliporomoka na kuua wafanyakazi. Sitasema uhifadhi uliwaua. Huo ungekuwa uongo. Nasema tu kwamba katika ubishi wote ule, picha ya kapu mtoni ilikuwa na watetezi wa kimataifa, na mama anayemvusha mgonjwa usiku ndani ya hilo kapu alikuwa na diwani wake.

Mtaniuliza haya yananihusu nini, mtu wa Kilwa. Mwaka 1505 Francisco de Almeida alifika Kilwa na meli zake, akaupora mji na kujenga ngome. Akaenda Mombasa, akaichoma. Kisha msafara huohuo ukavuka bahari, na mwaka huohuo, huko Cannanore katika pwani ya magharibi ya India, Almeida akapokea wajumbe wa mfalme wa Vijayanagara waliokuja kutafuta urafiki. Babu zetu waliporwa na mtu ambaye miezi michache baadaye alikaa mezani na wenye mji huu. Kilwa nayo ilikuwa mji wa masultani, ikipitisha dhahabu ya Sofala na kupiga sarafu zake. Iliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, ikawekwa hatarini mwaka 2004, ikatolewa mwaka 2014. Tofauti ni kwamba Kisiwani watu bado wapo. Mbuzi wanalala karibu na Msikiti Mkuu. Watoto wanajua njia ya mkato ya kwenda Husuni Kubwa. Shangazi anaanika samaki mahali ambapo, kwa lugha ya vitabu vyangu, anaathiri mandhari.

Na mimi ndiye ninayeandaliwa kurudi kumwambia hivyo. Ufadhili wangu una sharti: nikimaliza, nirudi nifanye kazi nyumbani katika fani hii. Nilikubali kwa furaha, na bado nataka kurudi. Ila fomu za kukagua hali ya eneo nilizofundishwa kujaza zina safu ya nyufa, safu ya ukungu, safu ya mizizi inayopenya ukuta, na safu moja ndefu ya "vitisho vya kibinadamu," ambamo mjenzi haramu na muuza karanga wanaandikwa mstari mmoja. Hazina mahali pa kuandika kwamba soko lilikuwa na wauzaji arobaini mwaka jana na mwaka huu wamebaki sita. Huo nao ni ufa. Kama mnara wa soko umebaki na nguzo zote na umepoteza soko, mkaguzi aandike kwamba umeharibika, na atakayesoma ripoti aone haya kama anavyoona haya nguzo ikidondoka.

Kwa Hampi nataka jambo dogo na gumu. Mabaraza yafunguliwe kwa biashara ya mchana, bila saruji, bila msumari, na nafasi za kwanza wapewe waliotolewa mwaka 2011 na watoto wao, akka akiwemo. Wenzangu wananiambia watarudisha vyumba vya kulala kimyakimya. Baadhi watajaribu. Basi mlinzi mwenye filimbi, ambaye sasa kazi yake ni kunizuia nisiketi kwenye ngazi, atapata kazi ya maana.

Shangazi alinipigia tena wiki iliyopita. Kuna vijana wamekuja kisiwani na kamba za kupimia na simu kubwa, wanaandika nyumba moja moja. Waliulizwa kuna nini, wakasema ni utafiti tu. Labda kweli ni utafiti tu. Mimi mwenyewe nimepima nyumba za watu na kuwajibu hivyohivyo. Lakini makuti yake yameoza, masika yako mlangoni, na fedha ya bati anayo, ameikusanya mwaka mzima. Jirani amemwambia asubiri, maana nyumba ya bati haipendezi kwa watu wa mambo ya kale, na wakija siku ya kuja wataanza na zenye bati.

"Wewe ndiye msomi wao," alisema. "Nisubiri au niezeke?"

Kitabu kiko mezani kwangu, ukurasa wa vifaa visivyooana na mazingira ya kihistoria umepigwa mstari kwa kalamu ya njano. Nilimuuliza anahitaji bati ngapi. Ishirini na nne, akasema, na misumari kilo mbili.

Nikamwambia aezeke.